Wimbo wa Mwisho wa Amahoro

Jioni ile nilipanda kwa Mama Amahoro kuchukua diski, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kushuka.

Hapa Kalundu, bandari yetu ya ziwani, jua linatuacha mapema. Linazama nyuma ya mlima wakati ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi, vilima bado vinang'aa kama mchana. Kwetu kivuli kinakuwa kimekwisha kufika majini. Ni saa ambayo wabeba mizigo wa bandarini wanaosha miguu, mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, inawasha taa, na umeme unaanza mchezo wake wa kuja na kuondoka.

Naitwa Iddy. Nina meza yangu karibu na lango la bandari, ndani ya kibanda alichokuwa akiuzia chumvi babu yangu. Watu huniletea simu, nami nawatilia nyimbo na filamu. Kompyuta za siku hizi hazina tena mahali pa kuingizia diski. Yangu ni ya zamani, nzito kama tofali, na betri yake ilikwisha kufa. Umeme ukikatika, nayo inakatika. Lakini diski inasoma. Basi kila mwenye diski za harusi, za kasida au za korali, anaishia kwangu.

Nilimkuta Mama Amahoro ameketi mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, goti limevimba. Habari zake nilikuwa nazijua kama kila mtu. Alishuka kutoka nyanda za juu pamoja na mume na ng'ombe. Ng'ombe wakaisha, mume akafa, akabaki na binti mmoja. Huyo binti ndiye Amahoro. Alikuwa mwimbaji wa mbele katika korali ya kanisa lililo kando ya ziwa. Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, Amahoro aliingia majini na nguo zake zote. Hakutoka. Hata mwili haukuonekana.

Kalundu nzima inalijua jambo hilo. Hakuna anayelitaja mbele ya mama yake.

"Mwiriwe, mama," nikamsalimia kwa lugha yake. Ni karibu neno pekee ninalolijua.

Akatabasamu kidogo. "Ni weye njo mwenye kutia miziki mu simu?"

"Ni minye, mama."

"Ingia, papa. Ukae." Kwetu mama humwita hivyo kijana wa rika la mwanawe.

Nyumba ilinukia maziwa na moshi. Akanipa simu, mpya kabisa, bado iko ndani ya boksi. Mtoto wa ndugu yake alikuwa amemtumia kutoka Bujumbura. Kadi ya SIM hata hakuwa ameweka. Kisha akavuta kutoka chini ya mto kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Akakifungua polepole kama mtu anayefungua kidonda.

Ilikuwa diski moja nyeupe, isiyo na jina.

"Redio yangu ya diski imekufa," akasema. "Tangu ikufe, sijamusikia mutoto wangu."

"Usijali, mama. Kesho asubuhi utamsikia."

"Utie zote."

"Zote."

"Ile ya mwisho…" Akatazama nje, kule chini, ziwani. "Ile ya mwisho minye nilikuwaka ninaizima mbele iishe. Lakini weye utie zote. Ni sauti yake. Sitaki ipotee hata kidogo."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alikuwa akiizima. Sikumuuliza. Alikuwa ameshikilia kile kitenge kwa mikono miwili.

Nikashuka.

Umeme ulikuwepo. Nikasema nifanye kazi ile upesi kabla haujaondoka. Nikafunga mlango wa kibanda kwa sababu ya upepo, nikawasha kompyuta, nikaunganisha simu kwa waya, nikaingiza diski. Ikazunguka ndani kwa kelele, vrrr… vrrr… kama mdudu aliyefungiwa kwenye kopo.

Nyimbo zikaanza kuingia. Nikaziacha zipige kwa sauti ya chini, ndivyo ninavyofanya siku zote, ili nijue kama ziko sawa. Korali nzuri. Gitaa, kinanda, wanaume wakinguruma nyuma, na mbele yao sauti ya msichana, safi, iliyonyooka. Nikaelewa ni yeye. Nilikuwa nikimwona akipita na vitabu vya nyimbo kifuani, lakini sikuwahi kumsikiliza akiimba. Mimi si mtu wa kanisa.

Nikafika wimbo wa mwisho.

Hakukuwa na gitaa. Hakukuwa na kinanda. Kulikuwa na maji tu… yakigonga mawe. Taratibu. Kama vile mtu ameweka mikro ya kurekodia dirishani na kuondoka.

Kisha Amahoro akaimba mstari mmoja, bila maneno. Mmm… mmm… Akanyamaza.

Na mwingine akamjibu.

Kutoka mbali. Sauti ya mwanamke pia, lakini ilikuwa inafuata nyuma kidogo, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Amahoro akaimba tena. Ile nyingine ikajibu, na safari hii ilikuwa karibu zaidi. Amahoro akacheka kwa furaha. Akaimba. Ikajibu… karibu zaidi.

Nikasikia harufu. Mwanzo nilidhani ni ndagala waliovundia mahali. Haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya tope la chini, lile linaloshika nanga ikivutwa kutoka kilindini. Ilikuwa inatoka kwenye kompyuta, pale diski inapoingilia.

Nikanyoosha mkono nizime.

Umeme ukakatika.

Giza. Kompyuta ikafa palepale. Kelele ya diski ikapungua, vrrr… vr… ikaisha. Feni ikasimama. Nje nikasikia watu wakipiga miluzi kama kawaida umeme ukienda.

Na wimbo ukaendelea.

Nilisimama wima, kiti kikaanguka. Wimbo ulikuwa unatoka mezani. Kwenye simu. Simu ambayo kioo chake kilikuwa cheusi, ambayo sikuwa nimeigusa, ambayo wimbo ule haukuwa umemaliza kuingia ndani yake. Mmm… mmm… Sasa ilikuwa sauti moja tu. Sikuweza kujua ni ipi kati ya zile mbili.

Ikanyamaza. Nikasikia pumzi. Pumzi ndefu, nzito, yenye maji ndani.

Kisha ikanong'ona:

"Nani iko hapo?"

Sikujibu. Wallahi sikujibu. Nilianza kusoma Ayatul Kursiy moyoni, nikaikosea, nikarudia mwanzo, nikaikosea tena, mimi ninayeijua tangu nikiwa madrasa. Nikajisogeza mpaka mlangoni bila kuuinua mguu sakafuni. Nikafungua. Upepo ukaingia. Simu ikanyamaza.

Umeme uliporudi, kibanda kilikuwa kibanda changu tu. Nikaitoa diski. Upande wake wa chini, ule unaong'aa rangi za upinde wa mvua, ulikuwa umekuwa mweupe, unapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Niliuona mkono wangu kupitia ndani yake. Nikairudisha kwenye kompyuta.

Haikuwa na kitu. Hakuna wimbo hata mmoja. Nyimbo zote zilikuwa kwenye simu, kila moja mahali pake, isipokuwa ule wa mwisho. Ule haukuwa mahali popote. Nilitafuta katika kila folda, nikaizima simu na kuiwasha, nikatafuta tena. Haupo.

Nikajiambia: basi, vizuri. Umepotea. Umekwisha.

Usiku ule sikupata usingizi wa kueleweka. Kila nilipogeuka nilihisi shuka ina unyevu.

Asubuhi nikampelekea Mama Amahoro simu yake. Nilimwonyesha mahali pa kubonyeza. Wimbo wa kwanza ulipoanza, aliweka simu shavuni kama mtu anayembusu mtoto mchanga, akalia bila kutoa sauti. Nami machozi yalinikaribia.

"Ule wa mwisho haukuingia, mama," nikamwambia. "Diski yenyewe imeharibika."

Alifuta macho kwa mkono. "Imeingia," akasema.

"Hapana, mama, nimetafuta…"

"Imeingia, papa. Nimesikia vile ulikuwa unapanda njia."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu nilipokuwa ninapanda. Sikusikia kitu chochote. Nikamuaga, nikashuka haraka kuliko nilivyopanda.

Siku ile sikutulia. Nilifungua meza, nikaifunga. Nikaenda bandarini, nikarudi. Mteja aliniletea simu nimtilie filamu, nikamtilia kasida. Kila kitu kinachozunguka kilinikera: feni, gurudumu la toroli, hata mtoto aliyekuwa akizungusha kifuniko cha chupa barazani. Moyo ulikuwa unaniambia nipande nikamnyang'anye simu ile. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimeogopa wimbo?

Kivuli cha mlima kilipofika majini, nikaanza kufunga kibanda. Ndipo nikamwona.

Mama Amahoro alikuwa anapita mbele yangu, barabarani, anatembea. Bila fimbo. Bila kuchechemea. Mrefu, amejifunga kitenge cha kanisani, simu sikioni, anacheka na kuzungumza kwa lugha yake kama msichana aliyepigiwa na mchumba.

"Mama!" nikaita. "Mama Amahoro!"

Hakugeuka.

Aliacha barabara, akapita kati ya mitumbwi iliyopinduliwa, akaelekea pale wanawake wanapoanika ndagala. Wanawake walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Nikaanza kukimbia. Nilipofika kwenye mchanga alikuwa amekwisha kuingia majini, yamemfika magotini. Hakukunja hata kitenge.

"Mama, unaenda wapi?"

Alikuwa anajibu simu. Sasa niliisikia na ile sauti ya upande wa pili, wazi, kama vile ameifungulia spika.

"Kuja, mama. Maji haiko baridi."

Mama akasema kitu kwa lugha yake. Kirefu, kitamu. Nikalisikia jina, Amahoro, mara nyingi.

"Kuja, mama," sauti ikarudia. "Kuja. Maji haiko baridi."

Nikaingia. Maji ya jioni ya Kalundu ni ya baridi, yanauma mifupa. Nilihisi baridi mpaka nilipomfikia. Pale alipokuwa amesimama, maji yalikuwa ya moto. Moto kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nikamshika kiunoni. Alikuwa mama mzee mwembamba, ningeweza kumbeba kama gunia la unga nusu. Sikuweza kumsogeza. Kulikuwa na kitu upande wa pili… sikukiona, nasema kweli sikukiona… kilichokuwa kimemshika kama nilivyomshika mimi, na hakikuwa na haraka.

Simu ikanyamaza kidogo.

Kisha ikasema, si kwake. Kwangu.

"Muache."

Nikapiga kelele. Sikumbuki niliita nini, labda Mungu, labda mama yangu. Nikavuta kwa nguvu zote. Tukaangukia nyuma wote wawili, chumvi ya machozi na mchanga mdomoni, na maji yakawa baridi tena kila mahali. Nikamburuta mpaka nchi kavu. Pale ndipo goti lake lilipomrudia. Akapiga yowe la maumivu, akalishika.

Simu hakuiachia. Ilikuwa imezama pamoja naye na bado ilikuwa inawaka.

Nilimbeba mgongoni mpaka kwake. Maji yalitiririka kutoka nguo zake yakaingia shingoni mwangu. Nilipomlaza kitandani nikachukua ile simu, nikafungua mahali pa kadi. Hakukuwa na kadi. Hakuwa ameweka bado. Simu ile haikuwa na njia yoyote ya kupigiwa na mtu.

Akaninyang'anya.

"Enda kwenu, papa," akasema. "Asante. Enda."

Nikaenda moja kwa moja kwa baba mkubwa, Abdoul-Karim. Yeye ndiye aliyekuwa na studio zamani, ya pekee Kalundu. Sisi ni Waislamu, lakini mashine za kurekodia zilikuwa zake, kwa hiyo korali zote zilipitia kwake. Alikuwa ametoka kuswali magharibi, bado ameketi mkekani na tasbihi mkononi. Nilikuwa nimelowa. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umetoka wapi na maji hivyo?"

"Baba mukubwa, ulirekodi korali ya Amahoro?"

Tasbihi ikasimama.

Alimwambia shangazi, dada yake anayeishi naye, atuache. Akafunga dirisha linalotazama ziwa, ingawa joto lilikuwa kali, na akaongea kwa sauti ya chini.

"Tulirekodi kule kule kanisani. Joto, madirisha wazi. Kila wakianza kuimba, ninasikia mu spika za masikio sauti moja ya ziada. Iko nje. Nikatoka kuangalia. Hakuna muntu. Ni maji tu. Nikarudi. Iko tena. Wengine walichoka, wakaenda. Yule binti akabaki. Akaniambia, 'Papa Karim, uache mikro pa dirisha, nataka kujua ule wimbo.' Akaimba. Ikamujibu. Weye umesikia."

"Nimesikia." Nikamweleza habari za simu na za ziwani.

"Basi. Tangu siku ile kila jioni alikuwaka anaenda kule dirishani. Mpaka ile jioni aliingia."

"Ni nini, baba mukubwa? Ni jini? Ni watu wamemroga?"

Alizungusha tasbihi, punje moja, nyingine.

"Wazee wetu, wale walivuka hili ziwa na biashara, walikuwaka wanakataza muntu kuimba mu mtumbwi wakati jua linaingia. Walisema tu, 'Usiimbe, utajibiwa.' Nani anajibu, hawakusema. Labda hawakujua." Akanisogelea. "Studio yangu nilifuta kila kitu. Lakini ile diski nilimupa mama yake. Ilikuwa sauti ya mwisho ya mutoto wake, ningemunyima vipi? Na niliona haina hatari. Ilikuwa inarudia wimbo ule ule, inarudia, inarudia, kama muntu amefungwa. Diski inasema, Iddy. Haisikii."

Nikaelewa kabla hajamaliza.

"Simu inasikia," nikasema.

"Enda uichukue. Uivunje. Usiitupe ziwani, umesikia? Uivunje na uichome."

Nilitaka kwenda usiku ule ule. Baba mkubwa akanizuia, akasema nisubiri kuche. Asubuhi nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na Mama Amahoro hakunifungulia. Nilimsikia akiongea. Mchana nikarudi, hakufungua. Mwanamke jirani, aliyekuwa anatwanga majani ya mhogo ya kupikia sombe uani kwake, aliniambia mama anaongea na simu tangu jana na anaonekana mwenye furaha, labda amepata ndugu zake wa zamani.

Jioni, kivuli kilipokuwa kinashuka, nikapanda tena. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa amesuka nywele zake. Alikuwa amefagia, ametandika shuka safi, na juu ya meza kulikuwa na maziwa katika vikombe viwili. Simu ilikuwa mapajani mwake, kioo cheusi.

"Najua umekuja kufanya nini," akasema.

"Mama, yule si Amahoro."

"Najua."

Nilibaki nimesimama na mkono wangu umenyooshwa.

"Mutoto wangu hakuwahi kusema na minye Kiswahili," akaendelea, polepole. "Hata siku moja. Mu hii nyumba tulikuwa tunasema lugha yetu. Nilijua tangu neno la kwanza. 'Kuja, mama.' Nilijua."

"Sasa kwa nini uliingia majini?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo la kipumbavu, lakini bila hasira.

"Iliniita mama," akasema. "Weye uko na mama. Uko na shangazi, uko na baba mukubwa. Muntu akikuita unageuka, hata haufikiri. Minye, papa… imepita miaka mingapi hakuna muntu anaita hilo neno mu hii nyumba?"

Nilikuwa nimekuja na nyundo ndani ya mfuko wa plastiki. Niliusikia uzito wake.

"Nipe simu, mama. Itakuua."

"Sitashuka tena kule. Ninakuapia."

"Itakuita."

"Iliniita leo. Nimeikatalia." Akanyoosha mkono, akapanga kile kikombe cha pili vizuri mezani. "Nimemwambia minye niko na miguu mbaya. Nimemwambia kama ananipenda, apande yeye."

Nje upepo ulikuwa umesimama. Nilisikia kila kitu kule chini: mashine ya boti, mtu akigombeza mbwa. Kisha hivyo navyo vikanyamaza.

"Chukua," akasema Mama Amahoro, akanipa simu kwa hiari yake. "Haiko na kazi tena."

Niliipokea. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa imekufa, imejaa maji, yalinitiririkia mkononi. Ungesema haikuwaka tena tangu ilipozama ziwani jana, ingawa mimi mwenyewe niliiona ikiwaka.

Sikuaga. Nilitoka.

Njia ya mawe ni nyembamba, inapita kati ya kuta za nyumba. Bado kulikuwa na mwanga kidogo wa majivu. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia nyayo zinapanda. Nyayo tupu, za mtu ambaye hajazoea mawe. Chap… chap… Akipanda kidogo anapumzika. Akipanda kidogo anapumzika.

Ile harufu ya tope ikafika kwanza.

Kwetu ukikutana na mtu kwenye njia nyembamba unampisha, hasa mwanamke. Nikageukia ukuta. Nikabandika paji la uso kwenye tofali na kufumba macho, nikasoma, na safari hii sikukosea hata herufi moja. Akafika mgongoni kwangu. Akasimama. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mawe.

Akanong'ona salamu. "Mwiriwe."

Aliitamka vibaya. Kama nilivyokuwa naitamka mimi.

Sikujibu. Akakaa kidogo, kisha akaendelea kupanda. Chap… chap… Nikasikia mlango wa juu ukifunguliwa. Nikamsikia Mama Amahoro akitoa sauti, sijui ni kilio au kicheko, halafu maneno mengi ya lugha yake, matamu, ya haraka, kama anayemwagilia mtu maji. Mlango ukafungwa.

Ile simu niliivunja na kuichoma kama nilivyoambiwa. Baba mkubwa aliuliza kama imekwisha. Nilimwambia imekwisha. Hakuuliza tena, na dirisha lake la upande wa ziwa bado halifunguliwi.

Watu wa Kalundu wanasema Mama Amahoro amepata mtoto wa ndugu yake, kutoka juu milimani, wa kumtunza. Msichana mwenye haya, hatoki nje. Asubuhi anasikika akiimba ndani. Mwanzoni aliimba kama mgeni, anasema yule jirani, hata maneno yalimshinda. Siku hizi anaimba vizuri kabisa, mpaka watu wa zamani wa korali wakipita pale wanapunguza mwendo, wanatazamana, wanaendelea na safari.

Mimi si mtu wa kupanda njia ile tena. Lakini majuzi, sokoni, nilimwona Mama Amahoro mwenyewe akinunua samaki aina ya mikebuka. Anatembea na fimbo, goti ni lile lile baya. Amenenepa. Uso wake unang'aa, sijapata kumwona mtu mwenye furaha vile, na hilo ndilo linalonizuia kulala hata leo, kwa sababu nilitaka kumhurumia nikashindwa.

Nikamsogelea, tukasalimiana. Nikainamisha kichwa karibu na sikio lake ili muuza samaki asisikie.

"Mama… ni yeye?"

Alichagua samaki mmoja, akambonyeza tumboni kuona kama ni mbichi, akamweka kwenye kikapu.

"Sijamuuliza," akasema. "Na weye, papa, siku ukimuona, usimuulize."